Chumba cha Hajati Juu ya Mchanga

Jumatatu, 7 Machi

Kimeonekana! Kichwa cha mlango wa chini — mlango ambao sijawahi kuuona tangu niolewe — kimechomoza mchangani leo asubuhi, upande wa kaskazini. Rawya ndiye aliyekiona kwanza. Alipiga ukelele nikadhani binti yangu kaumwa na nge.

Wanawake wamekuja kupiga vigelegele. Dawlat wa jirani kaleta sukari. Nimechemsha chai mpaka birika limeniomba radhi.

Mgeni anaondoka, basi. Hilo jina alimpa marehemu baba mkwe, kwa sababu alikuja bila kualikwa, akaingia mpaka sebuleni, akakaa. Kilima kizima cha mchanga! Ukikiangalia kutoka mbali kimejipinda kama mwezi mwandamo, pembe zake mbili zimeelekea kusini. Upepo wa kaskazini unaparaza mgongo wake mrefu, unapandisha chembe mpaka kileleni, na kule ng'ambo, penye mteremko mkali, zinaporomoka. Kesho tena. Keshokutwa tena. Hivyo ndivyo anavyotembea, polepole, wala hageuki nyuma.

Alipofika kwenye nyumba hii mume wangu Shehata alikuwa bado ananyonya. Baba mkwe hakuhama. Alifanya wanavyofanya watu wa hapa: akapandisha kuta, akajenga juu, akamwachia Mgeni vyumba vya chini. Mimi nimeolewa juu. Nimezaa juu. Mlango wetu unafunguka moja kwa moja mchangani kama nyumba ya mtu yeyote, na ukiniuliza kuna nini chini ya miguu yangu ningekwambia ardhi, nini kingine?

Sasa anaondoka. Alhamdulillahi! Nimelala mchana leo, usingizi wa mtu asiyedaiwa.

Ijumaa, 11 Machi

Baada ya swala wanaume wamesimama kuuangalia mlango kama wanaangalia punda wa kununua. Khalaf, mume wa Dawlat, ndiye bingwa wa kila kitu siku hizi kwa sababu Mgeni alipita kwake kwanza, mwaka juzi. Anasema tusichimbe, tuuachie upepo kazi, upepo hauombi chai wala chakula cha mchana. Shehata kakubali huku kakunja uso. Kukubaliana na Khalaf kunamuuma kama jino.

Hajati Sittohom, mama mkwe wangu, hakuweza kushuka kuangalia. Magoti yamemkatalia. Tukamsimulia tukiwa chini ya dirisha lake. Akauliza: na kiganja, bado kipo? Rawya akamwambia kipo, bibi, kina vidole vyote. Akacheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. Kumbe kile kiganja kilichopakwa karibu na kichwa cha mlango kuzuia kijicho ni chake! Alikipaka siku alipoletwa bi harusi. Mama mkwe wake akamgombeza kwamba kakiweka chini mno. Alikuwa mfupi, afanyeje?

Miaka yote hii hajawahi kunisimulia. Kwangu mimi hasemi mambo ya moyoni. Kwangu husema chumvi imezidi.

Nimemwacha dirishani akijichekea. Chumba chake ndicho kizuri kuliko vyote. Shehata alikijenga aliporudi kutoka Libya, kwa jasho lake mwenyewe. Kakitoa nje ya nyumba kuelekea kaskazini ili mama apate ule upepo wa baridi. Saruji tupu, marumaru za kijani sakafuni, dirisha pana. Watu walikuwa wanakuja kukiangalia. Mpaka leo Shehata akipita mle lazima apapase ukuta.

Jumatano, 16 Machi

Nilimpoteza bata, nikampata, na sasa natamani nisingempata.

Nilimtafuta nyumba nzima. Nikashuka upande wa kaskazini — siku hizi ni kushuka kweli, mchanga umepungua mpaka kiunoni kwangu — nikamsikia analia chini ya chumba cha Hajati. Chini! Nikainama. Bata kajichimbia kivuli, kajilalia. Juu yake mkanda wa saruji. Chini ya mkanda wa saruji, mchanga. Chini ya mchanga, mchanga.

Hakuna ukuta.

Nimezunguka mara mbili kuhakikisha sijapotea. Vyumba vyetu vingine vyote vimekaa juu ya kuta za zamani, zile za tofali nene za udongo, na kuta hizo sasa zinaonekana vizuri, zimesimama imara kama jana. Lakini chumba cha Hajati hakina mwenzake chini. Shehata alipojenga, Mgeni alikuwa amekaa pale, mgumu, tangu yeye hajaota meno. Akachimba msingi ndani ya Mgeni! Kwake ile ilikuwa ardhi. Na mtu gani anajenga huku anajiuliza kama ardhi itaondoka?

Nilimsubiri arudi shambani, nikampeleka. Akachuchumaa. Akachota mchanga, akaufinya kiganjani. Kisha akasema ule mchanga umeshikana, utakaa.

Nikamwambia, "Baba Rawya, Mgeni anaondoka. Hatuachii hata viatu."

Akasimama, akajipukuta magoti. "Mama asijue. Umenisikia, Mama Rawya? Asijue kabisa."

Nimemsikia. 

Jumapili, 20 Machi

Shehata kanunua mabati. Kayasimamisha mstari mmoja mbele ya chumba, upande upepo unakotoka, ameyafunga kwa nguzo na waya. Halafu kaazima mkokoteni wa punda, anazoa mchanga kule kusini na kuurudisha chini ya chumba. Anashindilia kwa miguu. Anamwagia maji.

Kijiji kizima kimetoka kuangalia. Tangu dunia iumbwe, watu wa hapa wanahangaika kuuondoa mchanga. Mume wangu anaubembeleza ubaki!

Khalaf kapanda kwenye paa lake ili aone vizuri. "Shehata! Babako kafa anamfukuza Mgeni, wewe unamshika kanzu! Umemwandalia na chakula cha jioni?" Wanaume wakacheka. Mwingine akasema labda Shehata kampenda, amuoe.

Shehata akaendelea kushindilia. Hawezi kuwaambia sababu, maana dirisha la mama yake liko pale pale juu, na Hajati masikio yake mazima kuliko ya paka.

Nilitaka kucheka na mimi. Nikamwona mgongo wa kanzu umelowa jasho, nikaenda kumletea maji.

Jumanne, 29 Machi

Mabati yamefanya kinyume! Upepo unakuja, unagonga bati, haujui pa kupita, unapiga mbizi chini na kuzunguka pembeni. Na popote unapozunguka unachimba. Pembe ya chumba cha Hajati sasa ina shimo ambalo bata wangu watatu wanaenea.

Khalaf kaja leo, bila mzaha safari hii. Kasema kitu ambacho hata mimi nilikijua, na Shehata anakijua tangu utotoni, ni hofu tu imemtoa akili: uzio wa mchanga ni wa makuti ya mtende, siyo bati. Makuti yana matundu. Upepo unapita umechoka, unatua mzigo wake pale pale. Bati unalipiga, unakasirika.

Shehata akamwambia ashughulike na nyumba yake. Khalaf akaondoka. Saa moja baadaye mume wangu alikuwa anang'oa mabati na kusuka makuti, kana kwamba wazo ni lake.

Ufa umetokea. Ndani, ukutani, kutoka pembe ya dirisha mpaka karibu na kitanda. Shehata kauziba kwa plasta na kuhamishia juu yake ile picha ya Kaaba. Hajati akauliza, picha imehama kwa nini? Shehata: ili uione vizuri ukilala, mama. Hajati: ilipokuwa nilikuwa naiona vizuri.

Nimejaribu kumhamisha kwa hila. Nikamwambia Rawya ana mtihani, anataka chumba chenye utulivu, je Hajati angekuja kulala kwetu kwa muda? Akanitazama juu mpaka chini. "Chumba alichonijengea mwanangu nitatoka humo nimebebwa." Nikatoka. Nikaenda jikoni, nikakata vitunguu vingi kuliko tunavyohitaji.

Jumanne, 5 Aprili

Khamsini imeingia. Mbingu njano tangu alfajiri, kisha rangi ya kutu. Upepo wa kusini, wa moto, kama umefunguliwa mlango wa tanuri. Tumeziba madirisha kwa matambara yenye maji. Mchanga kwenye chai, kwenye mkate, kwenye meno. Hakuna anayetoka.

Shehata peke yake ndiye mwenye furaha nchi nzima. Anachungulia kwenye ufa wa mlango na kurudi anatabasamu.

Alhamisi, 7 Aprili

Mchanga umerudi! Upepo wa kusini umemgeuza Mgeni kichwa. Kile kilele chake, ambacho miaka yote kimeangalia kusini, sasa kinaangalia kwetu. Kichwa cha mlango wa chini kimefunikwa tena. Chini ya chumba cha Hajati pamejaa mpaka juu, hata mkanda wa saruji hauonekani.

Shehata kasali rakaa mbili za shukrani. Kaninunulia hata halawa. Nimepumua pumzi iliyokuwa imekwama tangu siku ya bata. Tumekula halawa sisi watatu na Hajati, kitandani kwake, tukicheka bila sababu. Hajati kasema chai ina mchanga ila leo chumvi iko sawa. Chai, chumvi! Anatania! Sikujua kama anaweza.

Baadaye nilishuka peke yangu. Nikaweka mguu kwenye mchanga mpya. Ukazama mpaka gotini.

Mwepesi kama unga. Si ule uliolala miaka arobaini na kushikana. Huu umekuja juzi, na umekuja kwa upepo ambao hapa ni mpita njia. Mwenye nyumba ni upepo wa kaskazini. Sikumwambia Shehata. Mwache afurahi hii leo.

Jumamosi, 9 Aprili

Upepo wa kaskazini umerudi jana mchana. Leo mchana hakuna kilichobaki. Kila alichokileta wa kusini kwa siku tatu, wa kaskazini kakichota kwa siku moja, na akaongeza. Mlango wa chini uko wazi mpaka kwenye komeo.

Na mwaka huu hakuna kitakachouzuia. Mvua? Rawya ana miaka kumi na tano, mvua kaiona mara mbili, na moja yao anabisha kwamba ilikuwa mvua. Hakuna nyasi, hakuna hata kichaka cha kushika chembe moja.

Sasa niandike lililonileta. Asubuhi nilimpelekea Hajati maji ya kutawadha. Akanishika mkono. Hajawahi kunishika mkono.

"Kaa," akasema. Nikakaa. "Alfajiri nausikia unakimbia. Chini ya kitanda. Ssss, ssss. Kama mtu anapepeta ngano."

Nikasema labda ni panya.

"Usinifanye mjinga, Awatef. Mimi nimeishi ile nyumba ya chini. Najua wapi kuna ukuta na wapi hakuna. Hapa palikuwa na banda la mbuzi, la makuti."

Anajua! Kajua tangu siku ya kwanza Mgeni alipoanza kuondoka. Pengine kajua tangu Shehata anachimba msingi, akadhani hatafika siku ya leo.

Nikamwambia basi tuhame, Hajati, tuhame sasa hivi, nakubeba mwenyewe. Akatikisa kichwa. Nikitoka Shehata atauliza kwa nini, akasema. Itabidi nimwambie. Miaka yote anapita humu anapapasa ukuta, anajivuna, halafu leo mama yake amwambie alimjengea juu ya hewa? "Atavunjika, yule. Namjua. Babake alikuwa hivyo hivyo. Wewe usimwambie kama najua."

Kwa hiyo mwana ananiambia mama asijue, na mama ananiambia mwana asijue. Na mimi katikati, nimegeuzwa ghala la siri zao, huku chumba kinaning'inia! Nina hasira na wote wawili. Nawapenda na nina hasira. Yaani mtu yuko tayari kuporomoka na kitanda chake ili mwanawe asione haya.

Jumapili, 10 Aprili

Nimeumwa.

Yaani sijaumwa. Lakini tangu saa nne nakohoa, na kifua kimenibana, na khamsini imeniachia vumbi mapafuni, na nisipopata mtu mzima wa kulala karibu nami na kuniangalia naweza nisifike asubuhi. Nimejitupa kitandani. Nimemtuma Rawya — nimemwambia kila kitu, kashika tumbo kwa kicheko, kisha akaacha kucheka — akamwambie bibi yake mama hali mbaya.

Haikuchukua muda. Nikasikia fimbo. Kok, kok, kok. Hajati Sittohom, ambaye kwa magoti yake hajavuka ile korido tangu mfungo, kaingia chumbani kwangu kabeba blanketi lake mwenyewe. "Sogea," akasema. Nikasogea.

Shehata akaja kusimama mlangoni. Namwona anavyotazama: mama yake, mimi, mama yake. Nikakohoa. Uso wake ukalegea kama mtu aliyefunguliwa kamba. Akasema basi yeye atalala sebuleni, mgonjwa apate nafasi. Akatoka haraka. Nadhani alikwenda kulia.

Hakuna aliyemwambia mwenzake lolote.

Jumatatu, 11 Aprili

Ugonjwa huu una gharama. Majani ya mpera yaliyochemshwa, kikombe kizima, mara nne. Uwatu. Kitunguu kilichookwa kimefungwa kifuani kwa kitambaa. Mafuta ya habasoda puani! Nanuka kama duka la dawa lililoungua. Nikijaribu kuinuka ananisukuma kwa fimbo.

Lakini chumba kule kitupu. Tumetoa hata sanduku lake, tukisema anahitaji nguo karibu. Picha ya Kaaba Shehata kaileta mwenyewe.

Jumatano, 13 Aprili

Kimeanguka. Hakuna aliyeumia. Hakuna aliyeumia! Naandika mara mbili ili nilione.

Ilikuwa asubuhi, baada ya maharage ya kifungua kinywa. Hajati alikuwa ananichemshia majani yake kwenye jiko la mafuta pale pale chumbani. Hakikupiga kishindo. Kwanza ile ssss, ndefu, hata mimi niliisikia. Halafu kama gunia kubwa la ngano linamwagwa. Ukuta wetu ukatetemeka, kikombe kikaanguka. Vumbi likaingia kwa chini ya mlango. Kisha kimya, na bata wakipiga kelele huko nje, wazima wote.

Hajati alishika kijiko juu, hakusogea. Midomo tu inasoma. Nikamkumbatia. Hakunisukuma.

Shehata alikuwa kwenye mitende. Kaona vumbi akiwa mbali. Kaja mbio, bila viatu, bila kilemba, na hakuja mlangoni — kaenda moja kwa moja kwenye kifusi, akaanza kuchimba kwa mikono. "Mama! Mama!" Kasahau! Kwa hofu kasahau kabisa kwamba mama yake amehama siku tatu zilizopita. Anatupa marumaru za kijani huku na huku, analia kama mtoto.

Hajati akafungua dirisha letu. "Shehata!" akapaza. "Punguza sauti! Mgonjwa kalala!"

Sijawahi kuona uso kama ule. Akatazama juu. Akakaa chini pale pale kwenye kifusi, miguu mbele, akafunika kichwa kwa mikono yote miwili. Mimi nilikuwa nacheka na kulia, na yule mgonjwa aliyelala alisikika mpaka kwa Dawlat.

Khalaf kaja na koleo mbili na birika. Hakutania hata neno. Kamwekea Shehata glasi mkononi, kamfungia vidole juu yake.

Jioni Shehata kaja kukaa miguuni kwa mama yake. Kasema nilijenga juu ya mchanga, mama. Kasema kwa sauti ya chini kabisa. Hajati akamwambia, "Ulijenga juu ya kilichokuwepo. Sasa hakipo. Ulitaka umuulize nani?" Akamvuta sikio, kama anavyomvuta Rawya. "Nimelala humo miaka kumi na minane, na upepo wake ulikuwa mtamu. Leta mkate, wewe, tule."

Tumekula. Sijui tulikula nini. Alhamdulillahi, alhamdulillahi.

Ijumaa, 22 Aprili

Wiki nzima tunatoa mchanga vyumba vya chini. Sasa inabidi, upepo hauwezi kuingia ndani kufagia. Wanaume wanajaza makarai, wanapitisha mkono kwa mkono wakiimba. Khalaf anaongoza nyimbo, sauti mbaya mno. Yeye na Shehata wamepatana, yaani wanagombana kila saa.

Ngazi ya ndani imeonekana, ile ya kutoka chini kuja juu. Chumba cha arusi cha Hajati kipo kizima. Magogo ya mtende darini hayajaoza hata moja, mchanga umeyatunza. Kuna kishubaka ukutani na ndani yake masizi ya taa, kana kwamba mtu kaizima jana. Na baridi yake! Mjini Kharga watu wanalipia umeme kupata baridi ile.

Khalaf anasema tusijisahau. Kaskazini kule, nyuma ya mashamba, kuna kilima kingine kinakuja, kidogo. Na vidogo ndivyo vyenye mbio. Kikubwa kama Mgeni kinajikokota, kidogo upepo unakimaliza mgongo upesi, unakirusha mbele. Shehata akamuuliza, lini? Khalaf akasema, wajukuu zetu watajenga juu, wajue tu pa kuweka msingi. Shehata akacheka. Ni mara ya kwanza anacheka kuhusu jambo hilo, na nilishukuru.

Mimi bado mgonjwa, rasmi. Nikishuka kuangalia, Hajati ananifunika shali.

Jumatatu, 2 Mei

Leo Shamu Nasimu, sikukuu ya machipuko. Tumepaka mayai rangi, tumekula fesikhi, samaki wetu wa chumvi waliochachushwa, na vitunguu vibichi tangu asubuhi, nyumba nzima inanuka samaki na hakuna anayejali. Chumba cha chini kimepakwa chokaa. Rawya katandika mkeka. Shehata kaweka mlango mpya wa ndani, na dirisha, na leo ndiyo siku aliyopanga kumhamishia mama yake, kwa sababu ni sikukuu na watu wote wapo.

Wiki tatu tumelala kitanda kimoja, mimi na Hajati. Anakoroma. Ana miguu ya barafu. Alfajiri, kabla hatujainuka, anasimulia: mume wake alivyokuwa na haya, mbuzi aliyekula shela yake ya arusi, mtoto wa kwanza kabla ya Shehata, ambaye hakuishi, ambaye mimi sikuwahi kujua alikuwepo. Ananiita Awatef sasa, siyo "mke wa Shehata". Mume wangu kule sebuleni shingo imemkaza kwa kulalia makochi, na ananitazama kwa jicho la mtu aliyeonewa. Ana haki. Namtaka arudi. Nakiri namtaka.

Sasa hivi ninapoandika, yeye na Khalaf wamekwamisha kitanda cha Hajati kwenye ngazi ya ndani, nusu juu, nusu chini. Khalaf anasema kushoto, Shehata anasema kushoto yako au yangu.

Na Hajati kakaa kitandani kwangu, mikono kifuani, fimbo kaificha chini ya blanketi. Hashuki.

"Chumba kizuri," anasema. "Mungu awape heri. Lakini siwezi kumwacha. Mgonjwa wangu hajapona."

Shehata kapandisha kichwa juu ya kitanda, jasho linamtoka. "Mama! Kala fesikhi mbili! Kamgombeza Khalaf sasa hivi, kasikika mpaka Kharga!"

"Kifua kina ujanja," Hajati anasema. "Kinajificha." Wala hamtazami yeye. Ananitazama mimi, na macho yake hayana ule ukali wa chumvi. Anaogopa. Mwanamke yule ambaye hakuogopa kulala juu ya hewa!

"Mama Rawya," Shehata ananiita. "Mwambie mwenyewe. Umepona, hujapona?"

Nimesema ngoja kwanza niandike mahitaji ya jioni. Ndiyo ninayoandika. Khalaf anauliza kama naandika mahitaji ya kijiji kizima, mikono inamkatika. Rawya kajiziba mdomo kwa mtandio. Wote wananisubiri sasa, na kitanda kile kizito kinawaelemea.

Nahisi kikohozi kinakuja.